HELIKOPTA YA VITA NA NJIA YA KUWA RUBANI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kila mwaka wakati wa kuchagua masomo ya kidato cha tano ukikaribia, husikika bwenini wenzetu wakisema, "Mimi nitakuwa rubani wa ndege za vita." Ukiwauliza ndege hizo huendaje, au njia ya kuzifikia ni ipi, jibu huwa fupi. Makala hii nimeiandika kwa ajili yao. Nitaeleza mambo matatu: jinsi helikopta inavyoruka, kazi yake vitani, na hatua anazopita kijana mpaka akabidhiwe chombo hicho.

Sisi wa Nachingwea hatuwezi kulifanya jambo hili mchezo. Tangu miaka ya 1960 mpaka uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo hapa kwetu. Walipovuka mto Ruvuma kwenda kupigana Cabo Delgado na Niassa, walikutana na helikopta za Wareno ziitwazo Alouette III, zilizotengenezwa Ufaransa. Baadhi zilibeba askari, na nyingine zilifungwa mzinga wa milimita 20 uliopiga kutoka mlango wa ubavuni. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alianzisha shambulio kubwa liitwalo Nó Górdio, na askari wake wakashushwa kwa helikopta karibu na kambi za wapigania uhuru. Kambi zilitekwa, lakini vita havikwisha, na baada ya miaka 5 Msumbiji ikawa huru. Basi hapa pana somo la kwanza: chombo hiki kina nguvu nyingi, lakini hakiwezi peke yake kumaliza jambo ambalo watu wameazimia.

Jinsi inavyoruka

Eropleni ya kawaida hukimbia uwanjani mpaka upepo upitao juu na chini ya mbawa zake uiinue. Helikopta haihitaji kukimbia, kwa sababu mbawa zake ndizo zinazokimbia. Kila panga la lile pangaboi kubwa la juu ni ubawa mwembamba unaokata hewa na kuisukuma chini, na hewa nayo huiinua ndege.

Wanaosoma Fizikia wataikumbuka kanuni ya tatu ya Newton. Injini ikizungusha pangaboi upande mmoja, mwili wa ndege hutaka kuzunguka upande wa pili. Ndiyo maana helikopta nyingi zina pangaboi dogo mkiani, ili kuuzuia mwili usizunguke kama pia.

Rubani hufanya kazi kwa mikono yote miwili na miguu yote miwili. Mkono wa kushoto hushika wenzo wa kupandisha na kushusha. Mkono wa kulia hushika fimbo ya kuipeleka ndege mbele, nyuma na pembeni. Miguu hukanyaga pedali za pangaboi la mkiani. Ugumu ni kwamba ukigusa kimoja, vyote hubadilika. Ukiinua wenzo wa kushoto, mwili hutaka kugeuka, na miguu lazima irekebishe papo hapo, na mkono wa kulia vilevile.

Je, injini ikizimika angani? Wengi hudhani ndege itaanguka kama jiwe. Sivyo. Rubani hushusha wenzo upesi, na hewa inayopanda kutoka chini huendelea kulizungusha pangaboi wakati ndege inateremka. Akikaribia ardhi huinua wenzo kwa kipimo, ili mwendo upungue na ndege itue. Akichelewa kidogo tu, hana nafasi ya pili. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Kazi yake vitani

Helikopta ya kwanza iliyoundwa tangu mwanzo kwa kushambulia na kutumika kwa wingi ni Cobra ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1965 na kufika vita vya Vietnam mwaka 1967. Mwili wake ni mwembamba, na watu wake wawili huketi mmoja nyuma ya mwingine: mpiga silaha mbele, rubani nyuma palipoinuka. Baadaye ikaja Apache yenye mzinga wa milimita 30 chini ya pua. Warusi wana Mi-24, ambayo pamoja na silaha zake huweza kubeba askari 8.

Faida ya chombo hiki ni kusimama angani, kujificha nyuma ya kilima, kuchungulia, kupiga na kutoweka. Lakini faida hiyo ndiyo hatari yake. Huenda polepole kuliko ndege za jeti, tena huruka chini, na mtu mmoja aliyebeba kombora begani aweza kuiangusha.

Tazameni mifano miwili ya karibu nasi. Tarehe 12 Agosti 2012, helikopta tatu za Uganda aina ya Mi-24, zikiwa safarini kwenda Somalia, zilianguka katika Mlima Kenya, na askari kadhaa wakafa. Hakuna adui aliyewapiga risasi. Mlima huo una urefu wa mita 5,199, na huko juu hewa ni nyepesi, mapanga hupata kidogo cha kushika, na mawingu huja ghafla. Jiografia tunayoisoma darasani yaweza kuua au kuokoa.

Mfano wa pili ni wa Kongo. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda kikosi maalumu cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Tarehe 4 Novemba mwaka huo, helikopta za Rooivalk za Afrika Kusini zilipiga roketi kwenye ngome za kundi la M23 katika vilima vya Chanzu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa helikopta hiyo kupigana. Kesho yake M23 ilitangaza kuacha vita. Hata hivyo kundi hilo liliinuka tena mwaka 2021, na Januari 2025 likauteka mji wa Goma. Roketi ilishinda siku, lakini amani inataka kazi nyingine.

Njia ya kuwa rubani

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni ya kiraia. Kwa kanuni za kimataifa, kijana aweza kupata leseni ya rubani binafsi akiwa na miaka 17, baada ya saa zisizopungua 40 za kurusha helikopta. Kwa leseni ya biashara huhitajika miaka 18 na saa 150. Saa hizo hupungua katika chuo kilichoidhinishwa. Hapa nchini leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Shida ni kwamba kila saa hulipiwa, na kwa mzazi anayengojea mnada wa korosho, gharama hiyo ni mlima. Tena leseni hiyo haikupi helikopta yenye mzinga.

Njia ya pili ni ya jeshi, na ndiyo pekee iendayo kwenye helikopta ya vita. Hatua zake ni hizi:

1. Faulu vizuri Fizikia, Hisabati, Jiografia na Kiingereza. Kiingereza ni lugha kuu ya redio za angani.
2. Tunza macho, masikio na mwenendo wako. Daktari atapima viwili vya kwanza. Jeshi litachunguza cha tatu.
3. Pitia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha ngoja tangazo la JWTZ. Nafasi haziuzwi, anayekuomba fedha ni tapeli.
4. Ukichaguliwa kuwa afisa, utafunzwa kwanza uaskari, kama huko Monduli. Urubani huja baadaye, kwa wachache. Jeshi ndilo linalochagua. Huenda ukapewa kutengeneza ndege badala ya kuirusha, na kazi hiyo nayo ni ya heshima, maana hakuna rubani aliye hai bila fundi mwaminifu.

Katika njia hii serikali hulipa gharama, nawe hulipa kwa utii na kwa miaka yako.

Neno la mwisho kwa wenzangu. Wako wazee wa wilaya hii waliowaona vijana wa FRELIMO wakiondoka, na wengine wasirudi. Anayetaka kuketi juu na mzinga akumbuke kwamba chini kuna watu, na kwamba kutambua nani adui na nani mkulima ni kazi yake kabla ya kubonyeza kitufe. Ushujaa peke yake hautoshi. Hutakiwa akili tulivu, hesabu sahihi na moyo wa haki. Mtihani wa Taifa u karibu. Tuanze na hesabu.