Mzio wa Chakula Si Madaha Wala Uzungu

Leo nataka tuzungumze juu ya mzio wa chakula, au aleji kama wengi tunavyosema. Jambo hili limetusumbua nyumbani kwangu hapa Uingereza kwa miaka kadhaa, na naamini zipo familia nyingine zenye tatizo hilihili ila zinaona haya kulisema.

Mwanangu ana mzio mkali wa karanga. Siku moja tulialikwa harusi ya jamaa zetu. Kabla ya kumpakulia mtoto nilimfuata shangazi aliyesimamia jikoni, nikamwamkia, nikamuuliza kama mchicha una karanga. Akanijibu kwa upole, "Hauna hata punje, mwanangu. Mpe mtoto ale ashibe." Na kweli, mchicha ulipikwa kwa nazi tupu. Lakini upawa uliopakulia mchicha ulikuwa umetoka kwenye sufuria ya kisamvu cha karanga. Haikupita robo saa, midomo ya mtoto ikavimba, akaanza kukohoa na kuhema kwa shida. Tukamchoma sindano yake, gari la wagonjwa likaja, na tunamshukuru Mungu alipona. Shangazi alilia kuliko mimi. Hakuwa na nia mbaya. Hakujua tu kwamba mabaki ya kwenye upawa yanatosha kumdhuru mtu.

Mzio ni nini?

Kinga ya mwili hukosea, ikaiona protini ya chakula kuwa ni adui. Mwili humwaga kemikali kama histamini. Ngozi huwasha na kutoka vipele, midomo na ulimi huvimba, mtu hutapika. Hali ikiwa mbaya, njia ya hewa huziba na presha ya damu hushuka. Hiyo ndiyo anafilaksia, na inaweza kuua. Mara nyingi huanza ndani ya dakika chache, lakini inaweza kuchelewa hata saa mbili.

Kukaanga karanga hakuondoi hatari. Wala usijaribu kumzoesha mtoto kwa kumlisha kidogo kidogo nyumbani. Ipo tiba ya namna hiyo, lakini hufanywa chini ya uangalizi wa madaktari wa mzio.

Kumbuka pia kwamba si karanga peke yake. Wapo wanaodhurika na ufuta wa kwenye mkate, korosho na lozi za kwenye halua, mayai, maziwa, ngano, samaki au kamba.

Maneno ya watu

"Sisi tumekula karanga tangu tuzaliwe." "Unamdekeza huyo." "Kidogo tu hakitamdhuru." Maneno haya tumeyasikia sana. Kwetu sisi, kukataa chakula cha mtu ni kama kumkataa mwenyewe, ndiyo maana wengi hunyamaza ili wasionekane wana maringo. Ndugu yangu, usinyamaze. Usiseme "mtoto hapendi karanga", kwa sababu asiyependa hubembelezwa ale. Sema, "Ni ugonjwa. Akila koo linaziba, anaweza kufa." Mpigie simu mwenyeji siku chache kabla, na ukiona mashaka mbebee mtoto chakula chake. Bibi akija kutembea kutoka nyumbani, mwonyeshe sindano na umfundishe kuitumia.

Kwa wanaopika

Hapa Uingereza, tangu Desemba 2014 migahawa inatakiwa kumweleza mteja kama chakula kina kitu chochote kati ya vitu 14 vinavyoleta mzio. Msichana Natasha Ednan-Laperouse alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 15, baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ambao haukuandikwa kwenye karatasi yake. Baada ya hapo ikapitishwa sheria inayoitwa kwa jina lake, iliyoanza Oktoba 1, 2021, ya kuandika viungo vyote kwenye chakula kilichofungwa hapohapo dukani. Marekani vitu vya lazima kutajwa ni 9, ufuta ukiwa wa mwisho kuongezwa, tangu Januari 1, 2023.

Lakini sinia la pilau la harusini halina karatasi ya viungo. Karatasi yake ni ulimi wa aliyepika. Kwa hiyo ukiulizwa, usijibu "hamna" kwa ajili ya kumfurahisha mgeni. Fikiria upawa, ubao wa kukatia, na mafuta yaliyokwisha kukaangia kitu kingine. Kama huna hakika, sema "sijui". Mzazi atakushukuru kwa neno hilo kuliko kwa sahani iliyojaa.

Hali ikiwa mbaya

1. Mchome sindano ya adrenalini mara moja, upande wa nje wa paja. Usisubiri. Dawa za kupunguza mwasho hazizuii anafilaksia.

2. Piga 999 (Marekani 911), utaje neno anafilaksia.

3. Mlaze chali na umwinue miguu. Akishindwa kupumua, mkalishe amenyoosha miguu. Asisimame wala kutembea, hata akisema amepata nafuu.

4. Kama hakuna nafuu baada ya dakika 5, mchome sindano ya pili. Ndiyo maana sindano zibebwe mbili kila wakati.

5. Aende hospitali hata akipata nafuu, maana hali inaweza kurudi.

Ukihisi wewe au mwanao ana mzio, mwone daktari wako wa mtaa. Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani. Katika huduma ya afya ya hapa Uingereza hulipi kitu. Na shule ipewe maelezo kwa maandishi pamoja na sindano za mtoto.

Ndugu zangu, tuendelee kualikana na kupikiana, maana huku ugenini sisi ndio jamaa. Ila mgeni akiuliza kilichomo kwenye sufuria, tusimwone ana dharau. Anaulizia uhai wake.