Mirathi Isiyogawanywa Ni Deni Juu ya Walio Hai

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, darsa letu la leo ni katika jambo ambalo kila mtu wa Siyu alijua na wachache hulisema: mirathi ikaayo bila ya kugawanywa. Mtu hufa, akazikwa, ikasomwa khitima, watu wakatawanyika. Na mali yake ikabaki mikononi mwa yule aliyekuwa karibu nayo. Akiulizwa hujibu: "Mali ipo, haikwenda popote. Sisi ni ndugu, kwani tutagombana?" Maneno haya ni matamu masikioni, lakini ndani yake mna dhulma. Kwani mwenye kusema hivyo ndiye auzaye nazi, naye dada yake hupelekewa kikapu siku ya Idi, tena hutakiwa ashukuru, hali ya kuwa kikapu kile ni chake.

Na tupige hesabu ili jambo lidhihiri. Mtu amekufa, deni zake zimelipwa na wasia wake umetimizwa, ameacha shamba la minazi 320. Wazazi wake walikwisha fariki. Warithi wake ni mke mmoja, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke hupata thumuni, nayo ni minazi 40. Iliyobaki ni 280, na mwana mume hupata mfano wa fungu la mabinti wawili: basi yeye ana 140, na kila binti ana 70. Hesabu hii ni ya dakika chache, lakini haikufanywa.

Miaka ikapita, mama akafa, hana mume wala wazazi. Minazi yake 40 ikawa ya wanawe: 20 ya mwana mume, na 10 ya kila binti. Hapo pia haikugawanywa. Kisha binti mmoja akafa, akaacha mume na mwana mmoja wa kiume. Fungu lake lilikuwa limefika 80: robo yake, yaani 20, ni ya mume, na 60 ni ya mtoto. Sasa mtoto huyu mdogo ana minazi 60 katika shamba ambalo mjomba wake hulihesabu kuwa ni lake peke yake. Na baba yake akifa naye, mtoto amekuwa yatima. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Nisaa, amewaonya walao mali ya mayatima kwa dhulma kuwa walacho ni moto. Mjomba hakudhamiria kula moto. Alichelewa tu kugawanya.

Wako wasemao kwamba zama hizi si zama za Kadhi, kwa kuwa serikali ina sheria zake. Hili si kweli. Mwezi wa Oktoba 1963, kabla ya uhuru, Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana kwamba mahakama za Kadhi katika pwani hii zitahifadhiwa. Sheria ya Mahakama za Kadhi ilitungwa mwaka 1967. Sheria ya Urithi ya 1972 ilipoanza kutumika mwaka 1981, iliwakumba Waislamu pamoja na watu wote; Waislamu wakalalamika, hata mwaka 1990 ikarekebishwa ili mali ya Mwislamu irithiwe kwa sharia yake. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 170, imempa Kadhi kuhukumu mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, wenye kesi wakiwa wote ni Waislamu na wakikubali mahakama yake.

Basi tazameni ajabu yetu. Haki hii wazee wetu waliipigania miaka mingi, nasi majumbani mwetu hatuitumii. Mtu husimama barazani akaitetea mahakama ya Kadhi kwa sauti kubwa. Lakini dada yake akivuka bahari kwenda Lamu kumshitaki, yeye husema haikubali mahakama hiyo. Huyu hakumkimbia dada yake. Ameikimbia hukumu ya Mola wake.

Na kungoja kuna hatari nyingine. Sheria ya Kenya, kwa jumla, yaweka muda wa miaka 12 katika madai ya ardhi. Mbele ya Mwenyezi Mungu haki haifi kwa kupita miaka. Mbele ya hakimu yaweza kufa.

Tena yako yatupasayo kabla ya mauti. Mwezi wa Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe fungu katika mali ya baba yao Mwislamu. Maneno mengi yamesemwa juu ya hukumu hiyo, kwani wanazuoni wetu wamefundisha kwamba mtoto huyo hamrithi baba. Lakini wanazuoni hao hao wamefundisha kwamba mtu aweza kumuusia asiyekuwa mrithi wake hata kufikia thuluthi ya mali. Mlango wa wasia u wazi. Mwenye jukumu shingoni mwake na aandike angali hai, asiwaachie wanawe kesi.

Mji wetu wa Siyu ulisifika kwa wanazuoni na kwa mafundi wa kunakili Misahafu. Itakuwaje leo tushindwe kuandika ukurasa mmoja wa mali ya marehemu? Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe, katika aya ya 282 ya Sura ya Baqara. Na fungu la mrithi lililo mikononi mwa mwingine ni amana inayostahiki kuandikwa vivyo hivyo.

Nasi twausia haya. Baada ya maziko, mali yote iandikwe mbele ya mashahidi: nyumba, shamba, chombo, fedha na deni. Aitwe mjuzi wa faraidhi akate mafungu, na kila mrithi, mume kwa mke, apewe karatasi yake. Wakitaka kuliacha shamba pamoja, na waliache, lakini kila mtu ajue minazi yake na apate mapato yake. Na asiseme mtu, "Dada yangu ameniachia," mpaka dada ajulishwe fungu lake, alishike mkononi, kisha atoe kwa hiari yake. Radhi ya asiyejua anachokiacha si radhi.

Tukishindwa kupatana, maji yakijaa twendeni Lamu kwa Kadhi. Kwenda kwa Kadhi si kuvunja udugu. Uvunjao udugu ni ule mnazi wa dada tunaoukwea kila mwezi bila ya idhini yake.

Wabillahi taufiki.