Mrija wa Kichwani: Kumlinda Mtoto Baada ya Upasuaji

Mtoto aliyewekewa mrija wa kutoa maji kichwani hurudi nyumbani salama, lakini hajaachana na hospitali. Mrija ni kifaa, na kifaa huziba, hukatika, huhama mahali pake au huingiwa na vijidudu. Tafiti za nchi nyingi zinaelekea mahali pamoja: kati ya mirija kumi inayowekwa kwa watoto, mitatu hadi minne huhitaji kurekebishwa au kubadilishwa ndani ya mwaka wa kwanza, na ukifika mwaka wa pili ni karibu nusu. Kwa hiyo mzazi wa Dongobesh au Endasak anayepokea karatasi ya kuruhusiwa akidhani kazi imekwisha, aambiwe mapema na kwa upole: safari ya kurudi ianze kupangwa siku hiyo hiyo.

Familia za Mbulu na Hanang zina jambo ambalo vijiji vingi vya Tanzania havina. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, imewahudumia watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi kwa miaka mingi. Mwaka 2006 alifika hapo Dilan Ellegala, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, wakati ambapo mabingwa wa fani hiyo nchini mwetu walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Badala ya kuwafanyia upasuaji wagonjwa wachache na kuondoka, alimfundisha Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi aliyekuwa akifanya kazi palepale, naye Mayegga akamfundisha mwenzake. Wako waliopinga, wakisema ubongo si wa kuguswa na asiye na shahada ya udaktari. Mimi naona hoja yao ni nzito, lakini mtoto ambaye kichwa kinajaa maji wiki hii hawezi kusubiri miaka kumi ya masomo ya mtu mwingine. Kwa mzazi, historia hiyo ina funzo la matumizi: ufundi huu uko mikononi mwa watu wachache, na watu huhama, huenda masomoni, huenda likizo. Kabla ya kupanda gari, piga simu wodini au umwombe mganga wa zahanati akuulizie kama mpasuaji yupo.

Ukielewa mrija unavyofanya kazi, utaelewa dalili zake. Ndani ya ubongo kuna vyumba ambamo maji hutengenezwa kila siku. Njia ya kutokea ikiziba, maji hujikusanya na kuusukuma ubongo kwenye fuvu. Mpasuaji huingiza mrija mwembamba wa silikoni ndani ya chumba kimojawapo, akaupitisha chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, hadi tumboni, ambako mwili huyanyonya maji hayo. Katikati kuna valvu, kijiuvimbe kidogo unachoweza kukigusa chini ya ngozi ya kichwa, kinachoruhusu maji kwenda upande mmoja tu. Ncha ya tumboni huachwa ndefu ili mtoto akirefuka isichomoke, ingawa mara nyingine urefu huo hautoshi hadi utu uzima.

Kwanza, karatasi. Usitoke wodini bila kuandikiwa mambo haya: tarehe ya upasuaji, upande uliowekwa mrija, jina la valvu na aina yake, chanzo cha maji kama kilijulikana, na jina la aliyefanya upasuaji. Aina ya valvu ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Katika nchi zetu inayotumika sana ni Chhabra, inayotengenezwa India. Benjamin Warf na wenzake wa hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, waliilinganisha na valvu ya Codman-Hakim kwa watoto 195, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Chhabra iligharimu dola 35 na Codman-Hakim dola 650, na baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati ya watoto wa makundi hayo mawili. Mtu akikwambia mwanao kawekewa mrija wa bei rahisi ndiyo maana anasumbuka, usimsikilize. Ila daktari wa Moshi au Dar es Salaam atakayempokea usiku akiwa hoi atahitaji kujua ni valvu gani iliyomo, kwa kuwa kuna valvu za bei kubwa ambazo mipangilio yake inaweza kuvurugwa na mashine ya MRI.

Karatasi hizo zipige picha kwa simu, kisha mtumie ndugu anayeishi mbali, mjomba wa Babati au dada wa Arusha. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliporomokea Katesh, Gendabi na vijiji jirani, vikaua watu zaidi ya 80 na kuzoa nyumba na vyote vilivyokuwemo. Kadi ya kliniki haiokoki katika janga kama hilo. Picha iliyo kwenye simu ya mjomba itabaki.

Pili, dalili. Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo watoto wanapopotea. Mtoto mchanga ambaye mrija wake umeziba, utosi wake huvimba na kukaza hata akiwa amekaa ametulia, kichwa hukua haraka, mishipa ya kichwani huonekana wazi, macho hushuka chini kama jua linalozama hadi weupe wa juu uonekane. Hulia kwa sauti kali isiyo ya kawaida yake, hutapika, hukataa ziwa, na baadaye hulala mno, ukimwamsha haamki vizuri. Mkubwa zaidi, ambaye utosi umeshafunga, hana dalili ya utosi tena. Yeye hulalamika kichwa, hasa asubuhi, hutapika bila kuharisha, huona vitu viwili viwili, huwa mzito wa kuelewa, na mwalimu huanza kusema siku hizi mtoto amekuwa mvivu. Wengine hupata degedege. Uvimbe unaofuata njia ya mrija shingoni au kifuani nao ni dalili.

Vijidudu vikiingia, mara nyingi huwa ni ndani ya miezi sita ya mwanzo: homa, wekundu juu ya mrija, kidonda kinachotoa majimaji, maumivu ya tumbo. Ukiona mrija wenyewe umetokeza nje ya ngozi, au ncha yake imetokea njia ya haja kubwa, jambo linalotokea mara chache sana, usiuvute na usiukate. Funika kwa kitambaa safi na uondoke siku hiyo hiyo.

Shida kubwa ya vijijini ni kwamba homa na kutapika ni dalili za malaria pia. Mtoto hupimwa, hupewa dawa, huambiwa arudi baada ya siku tatu, na siku hizo tatu mtoto wa mrija hana. Mtoto apimwe malaria, ndiyo, lakini mama au bibi aliyempeleka lazima aseme neno la kwanza kabisa akiingia mlangoni: "Huyu ana mrija kichwani." Aonyeshe kovu. Kama malaria haipo, au ipo lakini mtoto anazidi kusinzia, aombe rufaa palepale. Mtoto mwenye mrija anayetapika na kusinzia ni wa dharura hadi daktari athibitishe vinginevyo. Hata akiwa na jino linaloota.

Kuna dalili za kinyume pia, mrija ukitoa maji kupita kiasi. Utosi huzama sana, na mtoto mkubwa huumwa kichwa akikaa au kusimama, akilala hupata nafuu. Hii haina haraka ya usiku, lakini daktari aambiwe ndani ya siku chache.

Tatu, kupima kichwa. Nunua futi ya fundi cherehani, ile laini isiyorefuka ikivutwa. Izungushe juu kidogo ya nyusi mbele, na nyuma pale kichwa kinapochomoza zaidi. Pima mara mbili, andika namba kubwa. Pima siku ile ile ya kila wiki katika miezi ya kwanza, baadaye kila mwezi hadi afikishe miaka miwili. Kichwa cha mtoto wa kawaida aliyezaliwa kwa wakati wake huwa kati ya sentimita 33 na 37 hivi, hukua karibu sentimita 2 kwa mwezi katika miezi mitatu ya kwanza, kisha karibu 1 kwa mwezi hadi mwezi wa sita, kisha nusu sentimita hadi mwaka. Mtoto mwenye mrija unaofanya kazi kichwa chake husimama kwa muda au hupungua kidogo, halafu hufuata mwendo huo. Kikianza kupanda ghafla, usingoje dalili nyingine. Mpe nesi wa kliniki namba zako azichore kwenye kadi. Mstari unaopanda hushawishi zaidi kuliko maelezo.

Ratiba ya kurudi hutofautiana, nawe ufuate uliyopewa. Kwa kawaida kidonda huangaliwa na nyuzi kutolewa ndani ya wiki mbili, kisha mtoto huonwa mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita, mwaka, na baada ya hapo kila mwaka. Anayetoka Yaeda Chini, au Balang'dalalu, anajua barabara zinavyokuwa Machi hadi Mei. Omba tarehe zihamishwe mbele au nyuma ya masika kuliko kukosa kabisa. Utosi ukiwa bado wazi, kipimo cha ultrasaundi kinatosha kuonyesha ukubwa wa vyumba vya maji; ukishafunga, hutakiwa picha ya CT.

Sasa fedha, jambo ambalo familia nyingi huliacha hadi usiku wa dharura. Mrija ulioingiwa na vijidudu ndio ghali kuliko yote: hutolewa, mtoto hupewa dawa kwa sindano kwa siku nyingi, ndipo huwekewa mwingine. Hizo ni operesheni mbili na wiki kadhaa wodini, na anayemuuguza anakula, na shamba la vitunguu saumu au ngano halina mtu.

Bima ya mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ilikuwa ikilipiwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na huduma zake zilipangwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa kwa kufuata ngazi. Mfanyakazi wa serikali aliye kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, humwandikisha mtoto kama mmoja wa wategemezi wake, ambao nafasi zao ni tano. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na skimu zinabadilika kwa sababu yake, kwa hiyo usitegemee alichokwambia jirani mwaka juzi. Nenda kwa mratibu wa bima ya afya wa halmashauri au ofisi ya NHIF Babati ukaulize maswali haya, uandike majibu: Je, bima inalipia kifaa chenyewe au upasuaji tu? Je, kubadilisha mrija kunahesabiwa kama upasuaji mpya? Je, hospitali ninayotibiwa imo kwenye mkataba? Nikipewa rufaa KCMC ya Moshi au MOI ya Dar es Salaam, bima inanifuata? Swali la kwanza ndilo linalowaangusha watu, kwa sababu mzazi huja na kadi akaambiwa akanunue valvu.

Sera ya nchi inawasamehe watoto walio chini ya miaka mitano gharama katika vituo vya umma, lakini hospitali za mashirika ya dini hufuata mkataba zilionao na serikali, hivyo uliza kabla. Asiye na uwezo amwone Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali siku ya kulazwa. Akingoja hadi siku ya kuruhusiwa, bili itakuwa imeshakuwa mlima. Ukiwa kwenye VICOBA, waeleze wenzako sasa, mtoto akiwa mzima, ili mfuko wa jamii wa kikundi ujue kuna nauli ya dharura itakayohitajika. Chama cha wazazi wenye watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi, ASBAHT, nacho huwaunganisha wazazi na huduma. Ulizia mwakilishi wake kliniki.

Nyumbani hakuna masharti mengi. Anyolewe kwa uangalifu juu ya valvu, asichanjwe chale kichwani wala kuchuliwa shingo upande wa mrija, na watu wasikibonyezebonyeze kile kijiuvimbe kwa udadisi. Acheze, aende shule, mwalimu aambiwe dalili. Mtoto wa mgongo wazi ana mahitaji yake ya mkojo, choo na miguu ambayo yanataka kliniki ya peke yake.

Wako watoto wanaotibiwa bila mrija, kwa kutobolewa njia mpya ya maji kwa kamera ndogo, mbinu ambayo Warf aliiendeleza Mbale kwa kuiunganisha na kuchoma tishu inayotengeneza maji. Nayo njia hiyo yaweza kuziba, zaidi ndani ya miezi sita ya mwanzo. Dalili ni zile zile na haraka ni ile ile, ingawa mtoto hana kovu la tumboni la kumwonyesha nesi.

Mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi akitaka mimba nyingine, amwone daktari miezi mitatu kabla. Kipimo chake cha asidi ya foliki ni kikubwa mara kumi au zaidi kuliko cha mama mwingine, miligramu 4 hadi 5 kwa siku badala ya 0.4. Unga wa mashine ya kijijini hauna asidi hiyo inayotakiwa kuongezwa viwandani, kwa hiyo asitegemee ugali.

Na wewe ambaye mwanao ana mrija, hajaumwa muda mrefu na hajaonwa tangu mwaka juzi: mpeleke kabla masika hayajaanza, ukiwa na karatasi zake na futi yako.