MAFUNZO YA TAWI: KUTAFUTA WANACHAMA WA MATAWI MENGI KWA MARA MOJA



Zamani katibu wa tawi alitunza daftari la wanachama kwa kalamu. Siku hizi rejista nyingi zimo ndani ya kompyuta. Kompyuta ina mbio, lakini haikisii. Hufanya uliloandika, si ulilokusudia. Kwa hiyo yafaa kila kiongozi wa tawi ajue namna ya kuiuliza, hata kama anayebonyeza ni karani.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Tuchukue mfano wa wenzetu wa Uganda. Kwa sheria ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ya mwaka 1985, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Mwenye mshahara wa shilingi 300,000 lazima awekewe shilingi 45,000 kila mwezi: 15,000 zake na 30,000 za mwajiri. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2022, hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja anawajibika.

Mchango usipoingia, anayeumia ni mtu siku ya kustaafu. Chama kikitaka kudai, lazima kipeleke orodha ya wale ambao michango yao bado. Jina likisahauliwa, mwenzetu huyo hadaiwi haki yake. Jina lisilostahili likiingia, mwajiri atalishika hilo hilo na kusema orodha nzima ni ya uongo.

Rejista ya kujifunzia

Hebu tutumie kadi nane tu:

Kadi 1: Lugazi, mkataji miwa, mchango umeingia
Kadi 2: Jinja, mkataji miwa, mchango bado
Kadi 3: Masindi, dereva, mchango bado
Kadi 4: Lugazi, dereva, mchango bado
Kadi 5: Fort Portal, mchuma chai, mchango bado
Kadi 6: Jinja, fundi mitambo, mchango umeingia
Kadi 7: Masindi, mkataji miwa, mchango umeingia
Kadi 8: (tawi halikuandikwa), mchuma chai, mchango bado

Hatua ya kwanza: AU si NA

Tukizungumza husema, "Niletee wanachama wa Jinja na wa Lugazi." Binadamu ataelewa. Kompyuta ikiambiwa NA itatafuta kadi moja yenye Jinja na Lugazi pamoja. Kadi ya namna hiyo haipo, basi italeta orodha tupu. Neno linalotakiwa ni AU: tawi liwe Jinja, AU liwe Lugazi. Hapo zitakuja kadi 1, 2, 4 na 6.

Kanuni hizi za NA, AU na SI zilipangwa kihesabu na Mwingereza George Boole katika kitabu chake cha mwaka 1854. Lugha ya SQL, ambayo rejista nyingi huitumia, ilibuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM mwaka 1974. Humo NA huandikwa AND, AU huandikwa OR, na SI huandikwa NOT.

Hatua ya pili: orodha badala ya AU nyingi

Matawi yakiwa ishirini, kuandika AU mara kumi na tisa kunachosha na kunaleta makosa. SQL ina neno IN, maana yake "yumo katika". Tunaandika hivi:

WHERE tawi IN ('Jinja', 'Lugazi', 'Masindi') AND mchango = 'bado'

Yaani: ambapo tawi ni mojawapo ya haya matatu, na mchango bado. Zitakuja kadi 2, 3 na 4. Hiyo ndiyo orodha ya kupeleka mezani.

Hatua ya tatu: usisahau mabano

Tuseme karani ameandika: tawi ni Lugazi AU tawi ni Jinja NA mchango bado. Kompyuta hufunga NA kwanza, kama vile katika hesabu kuzidisha hutangulia kujumlisha. Itaelewa hivi: wote wa Lugazi, pamoja na wale wa Jinja ambao mchango bado. Zitakuja kadi 1, 2 na 4. Kadi 1 haidai kitu! Dawa ni kufunga AU ndani ya mabano: (tawi ni Lugazi AU tawi ni Jinja) NA mchango bado. Hapo hubaki kadi 2 na 4. Ukitumia IN, mabano yake yanakukinga na kosa hili.

Hatua ya nne: walio nje ya orodha

Ukitaka wasio wa Jinja wala Lugazi, usiandike "si Jinja AU si Lugazi". Mtu wa Jinja si wa Lugazi, basi naye atapita. Wa Lugazi vivyo hivyo. Andika NOT IN, nawe utapata kadi 3, 5 na 7.

Sasa jumlisha. Waliomo ni 4, wasiokuwamo ni 3, jumla 7. Rejista ina kadi nane! Kadi 8 imekwenda wapi? Nafasi ya tawi ikiachwa tupu kabisa, SQL haisemi ndiyo wala hapana, na kadi huanguka pande zote mbili. Itafute peke yake kwa amri ya IS NULL, kisha mfuate mwenyewe shambani umuulize tawi lake. Jumlisheni hivi kila mara kabla orodha haijatoka ofisini.

Hatua ya tano: jina moja, maandishi mengi

Mtu mmoja huenda aliandikwa Yusufu kiwandani, Yosefu shambani, na Joseph kwenye kitambulisho. Kwa kompyuta hao ni watu watatu. Weka majina yote matatu ndani ya IN, halafu linganisha namba ya uanachama na tarehe ya kuzaliwa kabla ya kusema ni mtu mmoja.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Kadi zipi ni za dereva au mchuma chai ambao mchango bado?
2. Kadi zipi si za dereva wala mkataji miwa?
3. Katika rejista ya tawi letu, ni nafasi zipi zimeachwa tupu, na nani atazijaza?

Majibu: Swali la 1, kadi 3, 4, 5 na 8. Swali la 2, kadi 5, 6 na 8. Tazameni: kadi 8 iliyopotea kwa tawi imeonekana kwa kazi. Jibu la swali la 3 mnalo ninyi wenyewe.