Damu Katika Mkojo Baada ya Upasuaji wa Tezi Dume kwa Leza

Wazee wanaofanyiwa upasuaji wa tezi dume iliyotanuka kwa mionzi ya leza mara nyingi huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku moja au mbili. Leza huondoa nyama iliyobana njia ya mkojo na papo hapo huziba mishipa midogo ya damu, hivyo damu inayopotea kwa kawaida ni kidogo kuliko katika upasuaji wa kukwangua kwa waya wa umeme. Hata hivyo kidonda kipo. Kwa kuwa tumboni hakuna mshono unaoonekana, wengi hujisahau na kushika jembe mapema.

Mkojo wa rangi ya waridi katika siku za mwanzo ni wa kawaida. Rangi hiyo yaweza kurejea wiki ya pili hadi ya nne, gamba la kidonda linapobanduka. Mgonjwa apumzike na anywe maji ya kutosha, isipokuwa kama daktari amemwekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo.

Hali ni tofauti mkojo unapokuwa mwekundu mzito, unapotoka na mabonge kama maini, au unapogoma kabisa huku tumbo la chini likijaa na kuuma. Mabonge yameziba njia. Kuongeza maji ya kunywa wakati huo huzidisha maumivu tu. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Huko huwekewa mpira mpana wa mkojo, mabonge huvutwa na kibofu husafishwa. Wachache hurudishwa chumba cha upasuaji au huongezewa damu. Kizunguzungu na moyo kwenda mbio navyo visipuuzwe.

Ndoo za maji, baiskeli na bodaboda katika barabara zetu zenye makorongo zisubiri hadi daktari aruhusu. Kujikamua chooni nako huamsha damu, hivyo mboga za majani na mapapai yasikosekane.

Jambo linalofichwa zaidi ni dawa. Anayetumia aspirini, klopidogreli au wafarini amweleze daktari kabla ya upasuaji. Asiziache kwa uamuzi wake, maana huenda ndizo zinazomkinga na kiharusi. Na baada ya upasuaji aulize tarehe ya kuzianza tena, iandikwe kwenye cheti chake. Diklofenaki ya kununua dukani nayo yaweza kuongeza kuvuja kwa damu. Siku ya kurudi hospitali, cheti hicho na dawa zote alizonazo viende pamoja naye.