SOMO KWA WAKAZI WA KATA: KUTAMBUA MAENEO YA KUPANDA MIAMBA, MATEMBEZI NA MAPANGO KATIKA NYIKA KAME

Tanzania haina jangwa mithili ya Sahara, lakini ukanda wa Ziwa Natron, chini ya Mlima Ol Doinyo Lengai, una jua kali, vumbi la majivu na uhaba wa maji unaokaribiana na wa jangwani. Ukanda huu huvutia wapanda milima, watembeaji na watafiti kutoka nchi nyingi. Somo hili linaeleza namna mkazi anavyoweza kuyatambua na kuyapima maeneo ya aina hiyo yaliyomo katika kitongoji chake, na kuyafikisha mbele ya serikali ya kijiji kabla ya mgeni yeyote kuonyeshwa.

Mjuzi wa kwanza ni mkazi

Nyayo za binadamu wa kale zilizopo Engare Sero, kusini mwa Ziwa Natron, zilifahamika kwa wataalamu kupitia mkazi wa hapo hapo, aliyezitambua mwaka 2006. Zaidi ya nyayo 400 zimehesabiwa katika majivu ya volkano yaliyogeuka kuwa mwamba. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2016 walikadiria kuwa zina umri wa kati ya miaka 5,000 na 19,000. Uchunguzi wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kundi moja la watu 17 waliotembea pamoja huenda lilikuwa na wanawake 14. Wafugaji walipita jirani na nyayo hizo miaka mingi. Thamani yake ilijulikana pale mmoja wao alipotazama kwa makini na kutoa taarifa.

Kuisoma ardhi

Mwamba wa kupanda hutambuliwa kwa ugumu wake. Matale na miamba mingine migumu ya kale hubeba uzito wa mtu. Majivu ya volkano yaliyogandamana, ambayo ni mengi katika ukanda huu, humeguka yakishikwa. Kipimo cha awali ni kugonga kwa jiwe dogo: mwamba ukitoa mlio wa uwazi kama ngoma, sehemu hiyo imeachana na mwamba mama na haifai kushikwa wala kukanyagwa. Mlio mzuri pekee hautoshi kuruhusu upandaji. Mtaalamu wa kamba ni lazima aukague mwamba kwanza.

Njia ya matembezi mara nyingi imekwisha kuchorwa na mifugo, kwa kuwa ng'ombe na punda huchagua mteremko wenye nafuu na huelekea penye maji. Hata hivyo, njia hubadilika. Mlipuko wa Ol Doinyo Lengai ulioanza Septemba 2007 uliubadilisha umbo kilele cha mlima huo, na maelezo ya kupanda yaliyotumika kabla yake yakapitwa na wakati. Njia yoyote yapasa kukaguliwa upya kila baada ya masika.

Mapango yana asili tofauti. Mapango ya lava hutokea pale uso wa lava unapoganda huku lava ya ndani ikiendelea kutiririka na kuacha handaki. Ya namna hiyo yapo katika milima ya Suswa na Chyulu, nchini Kenya. Mapango ya chokaa, kama Amboni mkoani Tanga, huchongwa na maji. Aina ya tatu ni vibanda vya mwamba, kama vile vya Kondoa vyenye michoro ya kale, vilivyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Dalili za pango ni hewa baridi itokayo ardhini, popo watokao jioni, au shimo lenye miti mibichi katikati ya eneo kavu.

Maji, joto na popo

Hatari kubwa ya korongo ni mafuriko ya ghafla. Mvua ikinyesha nyanda za juu, maji huweza kufika bondeni huku anga ya hapo ikiwa nyeupe. Mkazi atazame kuta za korongo: matawi na majani makavu yaliyonasa juu yanaonyesha kimo ambacho maji yamewahi kufika. Maji yakianza kuwa ya tope, kubeba majani au kuvuma kwa mbali, watu watoke mara moja na kupanda upande ulio karibu. Wasikimbie kuufuata mkondo.

Joto nalo huua. Anayepanda penye jua kali huhitaji takriban nusu lita hadi lita moja ya maji kwa saa. Kwa sababu hiyo wapandaji wa Ol Doinyo Lengai huondoka usiku wa manane ili wawe kileleni alfajiri. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kuishiwa nguvu, apelekwe kivulini, apoozwe kwa maji mwilini na afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Pango lenye popo lisiingiwe kabla ya kupata ushauri wa afisa afya. Vumbi la kinyesi cha popo huweza kuleta maradhi ya mapafu, na wagonjwa wawili wa virusi vya Marburg, mwaka 1980 na 1987, walikuwa wametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon. Popo wasiuawe wala kufukuzwa. Wengi wao hula wadudu. Katika pango lolote, watu wasipungue watatu, kila mmoja awe na kofia ngumu na taa zaidi ya moja, na aliyebaki nje ajue saa ya kurejea kwao.

Si kila mahali pa kuonyeshwa

Mahali pakishaonyeshwa, hapawezi kufichwa tena. Ol Doinyo Lengai ni Mlima wa Mungu kwa Wamasai, na yapo maeneo mengine ya ibada ambayo wazee pekee ndio wenye kauli juu yake. Vyanzo vya maji ya mifugo visigeuzwe mabwawa ya kuogelea. Matope ya Ziwa Natron yasivukwe, kwani ziwa hilo ndilo mazalia makuu ya heroe wadogo Afrika Mashariki.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayegundua kitu au eneo la kale atoe taarifa, na inakataza kuchimbua bila leseni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji. Eneo likiwa ndani ya hifadhi, kibali cha mamlaka husika ni lazima.

Taarifa ya kuandaa

Mkazi aandike jina la mahali kama wazee wanavyoliita, muda wa kutembea kutoka barabarani, maji yaliyo karibu, mahali simu inapopata mtandao, hatari alizoziona na miezi isiyofaa. Taarifa ipitie kwa mwenyekiti wa kitongoji hadi Halmashauri ya Kijiji, na nakala ifike kwa mtendaji wa kata. Ada itakayotozwa ijadiliwe katika Mkutano Mkuu wa Kijiji na kila malipo yatolewe stakabadhi.

Maswali ya kujadili kitongojini

1. Ni maeneo gani yasiyopaswa kuonyeshwa kamwe, na nani aliulizwa?
2. Mgeni akivunjika mguu saa nane mchana, nani atambeba, kwa njia ipi, hadi zahanati gani?
3. Mapato ya mwaka wa kwanza yatatumika kwa jambo gani?

Kitongoji ambacho hakijapata jibu la swali la pili hakijawa tayari kupokea wageni, hata kama mwamba wake ni mzuri kiasi gani.