Kutunza mazingira kunavyopunguza gharama za biashara Meru na Embu

Mkulima wa majani chai anayepeleka mazao yake katika kiwanda cha Githongo, Meru, au Mungania, Embu, hulipwa kila mwezi kulingana na kilo, kisha husubiri bonasi ya mwaka. Bonasi hiyo hutokana na pesa zinazobaki baada ya kiwanda kulipia gharama zake, zikiwemo kuni na stima. Kuni zikipotea bure, mkulima hupunjwa na msitu hupungua.

Hesabu hiyo inazihusu pia biashara ndogo, iwe ni hoteli mjini Maua, kisiagi cha unga Runyenjes au duka Siakago.

Kuanza kwa kupima

Hatua ya kwanza haina gharama. Mwenye biashara aandike kwenye daftari, kila wiki, uniti za stima alizotumia, maji yaliyopita kwenye mita na magunia ya mkaa au mizigo ya kuni iliyoisha. Baada ya mwezi mmoja ataona pesa zinakoenda.

Kuni: kununua moto, si maji

Nusu ya uzito wa kuni mbichi inaweza kuwa maji. Anayenunua tani 1 ya kuni kama hizo kwa mizani amelipia kilo 500 za maji. Isitoshe, zikiingia motoni, sehemu ya joto hutumika kuyakausha maji hayo badala ya kukausha majani chai au kuivisha githeri.

Dawa ni kupasua kuni mapema, kuzipanga zikiwa na nafasi za kupitisha hewa na kuziezekea paa, kisha kuziacha kwa miezi kadhaa. Kuni zilizokauka vizuri hutoa karibu mara mbili ya joto kwa kila kilo zikilinganishwa na kuni mbichi. Viwandani, mabomba ya mvuke yafunikwe ili joto lisipotee njiani. Maganda ya makadamia na ya kahawa, ambayo hayakosekani katika kaunti hizi mbili, pia ni kuni nzuri.

Stima: kupunguza kwanza, kununua sola baadaye

Hoteli yenye balbu 6 za kizamani za wati 60, zinazowaka saa 10 kwa siku, hutumia uniti 3.6 kila siku. Zikibadilishwa na balbu za LED za wati 9, matumizi hushuka hadi uniti 0.54. Kwa siku 26 za kazi, hoteli huokoa karibu uniti 80. Kwa mfano, uniti ikiwa shilingi 25, hizo ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Balbu 6 zikinunuliwa kwa shilingi 250 kila moja, gharama yake ya shilingi 1,500 hurudi kabla ya mwezi kuisha.

Mwenye friji aiweke mbali na jiko na abadilishe mpira wa mlango uliolegea. Mwenye kisiagi azime mota wakati hakuna mteja. Anayetaka sola apunguze matumizi kwanza, maana atahitaji paneli chache na mkopo mdogo.

Kiwanda cha chai cha Imenti kilienda hatua zaidi: kilijenga mtambo mdogo wa umeme wa maji, kikapata mkataba wa kuuza ziada kwa Kenya Power.

Maji na taka

Kujua kama bomba linavuja ni rahisi. Usiku, mifereji yote ifungwe na mita isomwe. Asubuhi, kabla ya kufungua, isomwe tena. Namba zikiwa zimesonga, maji yanapotea na bili inapanda.

Viwanda vya kahawa vinaweza kuzungusha maji ya kumenyea mbuni na kuyatumia tena. Maganda laini yakiozeshwa huwa mbolea ya shamba. Yakimwagwa mtoni, hula hewa ambayo samaki huhitaji, na wanaoteka maji chini ya mto huumia. Mito ya Kathita na Rupingazi, inayotoka Mlima Kenya, hutegemewa na watu wengi walio mbali na chanzo chake.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Ndoo mbili zinatosha kuanzia: mabaki ya chakula yaende kwa mfugaji au kwenye shimo la mbolea, na plastiki na vyuma viuzwe kwa wanaonunua.

Kwa biashara kubwa, kanuni za usimamizi wa kawi za 2012 zinataka wanaotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka wafanyiwe ukaguzi wa kawi angalau mara moja kila miaka 3. Ukaguzi huo huonyesha hasa mahali pesa zinapovujia.

Kabla ya kununua kifaa chochote

Bei ya kifaa igawanywe kwa pesa kitakazookoa kila mwezi. Jibu ni idadi ya miezi ya kurudisha gharama. Yenye miezi michache itangulie, na akiba yake igharamie hatua inayofuata. Maswali kuhusu taka na mito yapelekwe kwa afisa wa mazingira aliye karibu, kabla ya kujenga.